Mtu Akiugua Akili, Kazi Yake Hulindwaje?

Mtu akivunjika mguu hakuna anayeuliza kwa nini hakuja kazini. Wenzake wamemwona akibebwa, mnyapara ameandika jina lake, na daktari ametoa hati. Lakini mtu akiugua akili hana jeraha la kuonyesha. Huamka alfajiri kama ilivyo desturi yake, huvaa nguo zake za kazi, kisha hushindwa kutoka mlangoni. Siku ya kwanza husema amechoka. Siku ya tatu huizima simu. Juma la pili likipita, watu kazini husema kwamba amekuwa mvivu, au ya kwamba ameanza ulevi. Kwa njia hii wafanyakazi wengi hupoteza kazi kabla ya mwajiri kujua kama walikuwa wagonjwa.

Yafuatayo ni maelezo ya mambo ambayo sheria za Kenya zinamtaka mfanyakazi ayatimize, na yale zinazomtaka mwajiri ayatimize, wakati ugonjwa wa akili unapodumu kwa muda mrefu.

UGONJWA WENYEWE

Yafaa ieleweke kwanza ya kwamba ugonjwa wa akili una namna nyingi, na kwamba wagonjwa wengi si watu waliopotewa na fahamu. Namna moja inayoonekana sana ni sonona, yaani huzuni nzito isiyomwondokea mtu kwa muda wa majuma mawili au zaidi. Mgonjwa hukosa usingizi au hulala kupita kiasi, chakula humchukiza, hawezi kukaza fikira, na hujiona kuwa ni mtu asiye na faida kwa mke wala kwa watoto. Namna nyingine ni wasiwasi usiokoma, unaomwendesha moyo mbio na kumnyima raha hata pasipo na hatari. Wako pia wale wanaosikia sauti au kuona mambo yasiyokuwapo.

Magonjwa haya humpata mwalimu, dereva, karani na mchuma chai pasipo kuchagua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalieleza ya kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi zipatazo bilioni 12 kila mwaka. Nchini Kenya, kamati iliyoundwa na Serikali chini ya uenyekiti wa Daktari Frank Njenga ilipendekeza mwaka 2020 kwamba ugonjwa wa akili utangazwe kuwa jambo la dharura la taifa.

Zamani, wagonjwa wa akili walipotajwa, watu walifikiri Mathari tu, mahali pale Nairobi palipofanywa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili mwaka 1910. Siku hizi wengi hutibiwa katika hospitali za kaunti, hulala nyumbani kwao, na baadaye hurudi kazini. Lakini matibabu haya yanataka subira. Dawa za sonona, kwa kawaida, hazionyeshi nguvu yake siku ile ile. Hupita majuma mawili hadi sita kabla mgonjwa hajaona nafuu iliyo wazi. Na hata akipona, daktari humtaka aendelee kuzimeza kwa miezi sita au zaidi, ili ugonjwa usirudi. Katika miezi hiyo mtu aweza kabisa kufanya kazi. Majuma yale ya kwanza ndiyo yenye shida, na ndiyo yanayotiliwa shaka kazini.

SIKU ZA MSHAHARA

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 30, inasema kwamba mfanyakazi aliyekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya kupewa ruhusa ya ugonjwa. Ruhusa hiyo si chini ya siku 7 kwa mshahara kamili, na baada ya hizo siku 7 nyingine kwa nusu ya mshahara, katika kila kipindi cha miezi 12 ya kazi. Jumla ni siku 14. Sheria haikutenga ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa akili. Yote miwili ni ugonjwa, na hati ya daktari ndiyo inayoushuhudia.

Miezi hiyo 12 haihesabiwi tangu Januari. Huhesabiwa tangu siku mtu alipoandikwa kazi, isipokuwa mwajiri amechagua tarehe moja ya mwaka kwa wafanyakazi wake wote. Chukua mfano wa karani wa ghala aliyeandikwa kazi tarehe 1 Machi. Akiugua tarehe 10 Februari, siku zake 14 za mwaka ule zitakwisha kabla ya Machi kuingia. Lakini tarehe 1 Machi mwaka mwingine wa kazi yake unaanza, na hesabu ya siku za ugonjwa inaanza upya pamoja nao.

Siku hizi 14 ni kiasi cha chini kabisa. Mapatano mengi baina ya vyama vya wafanyakazi na waajiri yanatoa siku nyingi kuliko hizo, na utumishi wa Serikali una kanuni zake zilizo pana zaidi. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kuisoma barua ya kuandikwa kazi, na kumwuliza mjumbe wa chama ni siku ngapi zilizokubaliwa mahali pale.

Hata hivyo, kwa mfanyakazi asiyekuwa na chama, hesabu ni nyepesi kufanya na nzito kuikubali: siku za mshahara ni 14, na dawa yenyewe huenda ikataka majuma sita. Hapo ndipo watu wa pande zote mbili hukosea. Mfanyakazi hudhani kwamba siku ya kumi na tano amekwisha kufukuzwa, basi hukaa kimya. Mwajiri naye hudhani kwamba siku ya kumi na tano yu huru kumweka mtu mwingine mahali pake. Wote wawili wamechanganya mshahara na kazi. Kifungu cha 30 kinaeleza siku ambazo mgonjwa hulipwa. Hakisemi popote ya kwamba siku hizo zikiisha, mapatano ya kazi yamekufa. Mapatano ya kazi huvunjwa kwa njia zilizowekwa na sheria, na kumalizika kwa siku za mshahara si mojawapo.

Baada ya siku hizo kwisha, mgonjwa aweza kuomba atumie likizo yake ya mwaka, ambayo kisheria si chini ya siku 21 za kazi kwa mshahara kamili kwa kila miezi 12 aliyofanya kazi. Likizo hiyo nayo ikiisha, aweza kuomba ruhusa isiyo na malipo. Mwajiri halazimiki kuikubali kila mara, lakini ombi na jibu yafaa yaandikwe, kwa sababu maneno ya mdomo hayana shahidi.

HABARI NA HATI

Kosa linaloharibu haki za wagonjwa wengi ni kunyamaza. Sheria ile ile, katika kifungu cha 44, inahesabu kuwa kosa kubwa kwa mtu kutokuwapo mahali pake pa kazi pasipo ruhusa wala sababu ya haki, na mtu wa namna hiyo aweza kufukuzwa mara moja. Ugonjwa ni sababu ya haki, lakini mwajiri asiyeambiwa ataujuaje?

Sheria inamtaka mfanyakazi atoe habari mapema iwezekanavyo. Nayo imeongeza neno lenye faida kubwa kwa ndugu za wagonjwa: si lazima mgonjwa aitoe habari kwa kinywa chake, yatosha ahakikishe kwamba imetolewa. Mtu aliyelemewa na sonona huenda asiweze kuandika hata mstari mmoja. Basi mke wake, kaka yake, au rafiki anayefanya kazi naye aweza kupeleka habari kwa niaba yake. Maneno machache yanatosha: jina la mfanyakazi, kwamba ni mgonjwa na yuko chini ya daktari, siku aliyoanza kuugua, na kwamba hati inafuata. Habari ikipelekwa kwa simu, ujumbe usifutwe. Ikipelekwa kwa barua, ichukuliwe nakala na kuandikwa jina la aliyeipokea.

Habari pekee haitoshi. Haki ya mshahara wa ugonjwa hufuata hati ya kutoweza kazi iliyotiwa sahihi na daktari anayetambuliwa kwa sheria, au na mtu anayeangalia zahanati au kituo cha matibabu kwa niaba ya daktari huyo. Barua ya mganga wa kienyeji au ya mchungaji, ijapokuwa imeandikwa kwa nia njema, haichukui mahali pa hati hiyo. Tena hati ina mwanzo na mwisho wake. Ikiwa daktari ameandika siku 14 na mgonjwa bado hajapata nguvu, yapasa arudi kwa daktari kabla ya siku ya kumi na nne, si baada yake. Pengo la siku tatu baina ya hati mbili laweza kuitwa utoro.

Wengi huogopa hati kwa sababu ya aibu. Hawataki jina la ugonjwa wao lisomwe na kila mtu ofisini. Hofu hiyo ina maana, lakini sheria inayo kinga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa miongoni mwa habari za siri zinazotaka hifadhi ya pekee. Mwajiri aliyepokea hati hana ruhusa ya kuitangaza kwenye baraza la chai. Mfanyakazi naye aweza kuomba hati yake ipokewe na mtu mmoja tu na kuwekwa mahali penye kufuli. Lakini kuficha ugonjwa wenyewe kwa mwenye kazi ni hatari. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio kitamfichua. Na kazini kilio hicho huja kwa sura ya barua ya kufukuzwa.

Tena mgonjwa asifanye haraka ya kujiuzulu. Mtu mwenye sonona hujiona mzigo kwa kila mtu, na mara nyingi huandika barua ya kuacha kazi akidhani kwamba anawasaidia wenzake. Barua hiyo ikipokewa, kinga nyingi zinazoelezwa hapa chini humwondokea, kwa sababu zinamlinda mtu aliyeachishwa, wala si mtu aliyeacha kwa hiari yake. Watu wa nyumbani wakiona mgonjwa anaandika barua kama hiyo, wamsihi angoje mpaka amwone daktari wake.

WAJIBU WA MWAJIRI

Haifai kufikiri kwamba sheria inamtazama mfanyakazi peke yake. Duka lazima lifunguliwe, gari lazima liendeshwe, na watoto wa shule hawawezi kukaa muhula mzima bila mwalimu. Sheria ya Kenya haimlazimishi mwajiri kumngoja mgonjwa milele. Inachomtaka ni afuate njia iliyo wazi.

Katika hukumu zake, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi imeeleza ya kwamba mwajiri hapaswi kukisia afya ya mtu. Yampasa atafute maelezo ya daktari: ugonjwa huu waweza kupona, na kwa muda gani? Yampasa azungumze na mfanyakazi mwenyewe. Yampasa pia aangalie kama iko kazi nyepesi, au saa chache zaidi, au zamu ya mchana badala ya usiku, ambayo mgonjwa angeiweza.

Mambo hayo yakiisha kuangaliwa, na bado mwajiri anaona kwamba hawezi kumweka mtu huyo, ndipo kifungu cha 41 kinapoingia. Kabla ya kumwachisha mfanyakazi kwa sababu ya kutoweza kazi, mwajiri lazima amweleze sababu hiyo kwa lugha anayoifahamu. Mfanyakazi ana haki ya kuja na mwenzake wa kazini, au mjumbe wa chama chake, awe karibu naye wakati wa maelezo hayo. Na mwajiri lazima asikilize majibu yao kabla ya kukata shauri. Kwa mtu ambaye akili yake imechoka, kuwapo kwa mwenzake ni jambo kubwa: mwenzake atakumbuka yaliyosemwa, na atasema lile ambalo mgonjwa ameshindwa kulisema.

Waajiri wengine hubisha kwamba kifungu hicho kinataja udhaifu wa mwili, wala hakitaji akili. Ubishi huo haufiki mbali. Kifungu cha 45 kinadai sababu ya haki inayohusu mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake, au mahitaji ya kazi yenyewe, pamoja na utaratibu wa haki. Na uwezo wa mtu ni wa mwili na wa akili pia. Zaidi ya hayo, sheria hiyo hiyo inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na katika kueleza maana ya ulemavu imetaja waziwazi udhaifu wa akili. Juu ya yote iko Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 27 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya hali ya afya yake. Kwa hiyo mwajiri anayemwachisha mtu kwa kuwa tu amesikia alilazwa Mathari amejitia katika mashtaka ambayo ni vigumu kuyajibu.

MTU AKIISHA KUACHISHWA

Mfanyakazi anayeona kwamba ameachishwa pasipo haki aweza kupeleka malalamiko kwa Afisa wa Kazi wa wilaya au kaunti yake, nayo yapelekwe kabla miezi 3 haijapita tangu siku ya kuachishwa. Aweza pia kwenda mahakamani, na huko muda uliowekwa ni miaka 3. Miaka hiyo huonekana mirefu, lakini mgonjwa aliyelala ndani mwaka mzima atashangaa jinsi ilivyokwisha.

Mbele ya mahakama, mwajiri ndiye anayetakiwa kuithibitisha sababu aliyomwachishia mtu. Akishindwa, mahakama yaweza kuamuru mfanyakazi arudishwe kazini, au alipwe fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12, pamoja na malipo ya notisi ikiwa hakupewa. Kwa mtu anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kisheria si chini ya siku 28. Lakini hakimu hupima karatasi. Mfanyakazi mwenye hati zake zote na nakala za barua alizopeleka amesimama juu ya mwamba. Asiyekuwa nazo ana maneno yake tu.

Ikiwa daktari amekata tumaini kwamba mtu ataweza kufanya kazi tena maishani, yako malipo ya kuulizia katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, ambao una masharti yake kwa mwanachama ambaye mwili au akili yake imeharibika daima. Na kila mfanyakazi aliyefanya kazi majuma manne au zaidi ana haki ya kupewa cheti cha kazi anapoondoka. Cheti hicho hueleza kazi aliyoifanya na tarehe zake. Si mahali pa kuandika ugonjwa wake.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Je, kibarua naye analindwa? Mtu anayeitwa kibarua lakini amefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja au zaidi huhesabiwa na sheria kuwa mfanyakazi wa mwezi. Akifikisha miezi miwili, hustahili haki kama wenzake, pamoja na ruhusa ya ugonjwa.

Je, mtumishi wa nyumbani? Naye ni mfanyakazi kama wengine. Sheria ya Ajira haiwahusu askari wa majeshi, wa polisi na wa magereza, ambao wana kanuni zao wenyewe.

Je, mwajiri aweza kumtaka mgonjwa aonekane na daktari mwingine? Ni jambo la busara kwa mwajiri kutaka maelezo kamili, na mfanyakazi asilikatae bila sababu, kwa kuwa maelezo hayo ndiyo yanayozuia kukisia. Alipie mwajiri mwenyewe anayeyataka, na majibu yabaki siri.

Je, mtu arudije kazini? Afadhali arudi na barua ya daktari inayosema anaweza kufanya nini na asifanye nini kwa sasa. Dereva anayemeza dawa zinazoleta usingizi aseme hivyo kabla ya kukabidhiwa gari. Wakubwa wa kazi wafanye vema kumpa majuma ya kwanza yaliyo mepesi, na wenzake wampokee kama wanavyompokea mtu aliyetoka kuugua malaria: wamwulize hali, kisha wamwonyeshe kazi ilipofikia.

Kila nyumba yenye mtu anayeajiriwa yafaa iwe na bahasha moja ya kutunzia barua ya kuandikwa kazi, hati za daktari kwa utaratibu wa tarehe zake, na nakala za habari zote zilizopelekwa kwa mwajiri. Pia ajulikane mtu mmoja wa nyumbani atakayeipeleka habari siku ambayo mwenyewe hawezi, na awe na namba ya simu ya mkubwa wake wa kazi. Mtu huyo achaguliwe sasa, wakati wote wana afya.